Bendera na Lugha kwenye Tovuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza tovuti na programu za simu zenye lugha zaidi ya moja, wanaozitafsiri na wanaozigharamia. Suala la kutumia bendera za nchi kama vitufe vya kuchagulia lugha huibuka karibu katika kila mradi wa aina hii, na mara nyingi huamuliwa mwishoni kabisa, kazi ikiwa imekwisha na watu wamechoka. Kwa mtengenezaji ni jambo dogo. Kwa msomaji aliyetua kwenye ukurasa asioelewa hata neno moja, menyu ya lugha ndiyo mlango, na anastahili kuuona bila kubahatisha.

Kosa la bendera liko wapi hasa?

Bendera hutaja nchi. Lugha huvuka mipaka ya nchi, na ndani ya mpaka mmoja huishi lugha nyingi.

Chukua Uswisi. Mtu akibofya bendera yake ategemee nini: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano au Kiromanshi? Zote nne ni lugha za taifa hilo. Ubelgiji ina lugha rasmi tatu. Afrika Kusini ina 12, tangu Lugha ya Alama ya nchi hiyo ilipoongezwa kwenye orodha mwaka 2023. Katiba ya India, katika Jedwali lake la Nane, inaorodhesha lugha 22.

Sasa geuza upande. Kiarabu ni lugha rasmi katika nchi zaidi ya 20. Kihispania ni lugha rasmi au lugha kuu katika nchi zipatazo 20, na Mexico peke yake ina watu zaidi ya mara mbili ya Uhispania. Kireno kina wasemaji wengi mno Brazil, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, kuliko Ureno yenye milioni 10 na ushei. Ukiweka bendera ya Ureno, Mbrazili atajiuliza kama yaliyomo yanamhusu. Ukiweka ya Brazil, watu wa Lisbon, Luanda na Maputo watajiuliza vivyo hivyo.

Lakini bendera ya Uingereza kila mtu anajua ni Kiingereza. Si inatosha?

Anajua kwa sababu amezoezwa, na mazoea hayo yana gharama. Kiingereza ni lugha rasmi katika nchi zaidi ya 50. Mtu wa Lagos au wa Dublin anaposoma Kiingereza chake cha kila siku, hana sababu ya kupita chini ya bendera ya dola iliyowahi kuwatawala babu zake. Wengine hawajali. Wengine inawachoma, na hawatakuandikia barua kukueleza, wataondoka tu.

Kuna pia mkanganyiko wa kawaida kabisa. Kwenye tovuti ya duka, bendera ya Uingereza inaweza kumaanisha bei kwa pauni, mizigo inayopelekwa Uingereza, au tawi la kampuni lililoko huko. Msomaji aliyetaka lugha tu anaogopa kubofya asije akahamishiwa duka jingine. Na neno "English" lenye herufi saba lingemaliza shaka yote.

Na Kiswahili kipewe bendera gani?

Hili ndilo swali linalotugusa, na jibu la kweli ni kwamba hakuna.

Wengi huweka ya Tanzania, wengine ya Kenya. Kila chaguo lina hoja yake na kila chaguo linamwacha mtu nje. Tanzania ndiko Kiswahili kilikotia mizizi katika kila ngazi ya maisha. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, imekitaja kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Uganda imekiweka kwenye katiba yake kama lugha rasmi ya pili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakitambua kuwa mojawapo ya lugha zake nne za taifa, na Kiswahili cha huko kimepewa hata msimbo wake, yaani kifupisho ambacho kompyuta hukitambulia, swc. Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. UNESCO nayo ilikitengea siku, tarehe 7 Julai, na siku hiyo haina bendera ya nchi yoyote.

Msomaji wa Bukavu akikuta bendera ya Tanzania, ujumbe anaoupata ni kwamba ukurasa huo ni wa Watanzania. Huenda makala yenyewe ni ya afya ya mtoto au ya jinsi ya kujaza fomu, na ingemfaa sana. Amepitwa nayo kwa sababu ya kipicha cha upana wa pikseli 20.

Andika "Kiswahili". Anayekisoma atalijua jina hilo popote alipo.

Ombi dogo hapo hapo: andika "Kiswahili", kwa ki-. Orodha nyingi zinaandika "Swahili" kwa kuwa zimenakiliwa kutoka kwenye orodha za Kiingereza, na msomaji wetu anaitafuta K anakuta haipo.

Kijapani je? Hicho si kina nchi moja tu?

Kweli, Kijapani na Japani vinakaribiana sana, na bendera yake haitampoteza mtu. Ila menyu haina lugha moja. Ukishaweka bendera kwenye Kijapani utalazimika kuweka kwenye Kiarabu kilicho jirani yake, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mfumo unaofaa kwa lugha tano na kukwama kwenye ya sita ni mfumo utakaokuja kuubomoa.

Kuna hatari ya kisiasa kweli, au tunayakuza mambo?

Ipo, tena ya wazi. Nitataja chache.

Kichina: kinatumika China bara, Taiwan, Hong Kong, Singapore na kwingineko. Bendera ya Beijing kwa msomaji wa Taipei, au ya Taipei kwa msomaji wa Beijing, ni msimamo wa kisiasa hata kama hukukusudia. Wakati huo huo bendera haisemi jambo ambalo msomaji anahitaji kulijua, yaani mwandiko: herufi zilizorahisishwa au za jadi. Ukiandika 简体中文 (zilizorahisishwa) na 繁體中文 (za jadi) umemwambia kila kitu, na hujamgusa mtu.

Kiajemi: bendera ya sasa ya Iran ni ya mwaka 1980, baada ya mapinduzi. Wapo Wairani wengi, hasa waishio ughaibuni, wanaoikataa na kushika ile ya zamani ya simba na jua. Pande zote mbili zinasoma فارسی (Kiajemi) ile ile.

Kibelarusi: bendera yenye mstari mweupe, mwekundu na mweupe ilikuwa rasmi kati ya 1991 na 1995, kisha ikabadilishwa. Leo kuchagua mojawapo ni kutangaza uko upande gani.

Afghanistan: Taliban waliporudi madarakani Agosti 2021 walipandisha bendera yao. Kidari na Kipashto havikubadilika hata herufi. Kila tovuti iliyokuwa imeweka bendera kwa lugha hizo ilijikuta ikiulizwa swali ambalo haikuwa na haja ya kuulizwa.

Kikurdi: Wakurdi wamegawanyika kati ya Uturuki, Iraki, Iran na Syria, na hawana dola yao. Ukitumia bendera ya nchi yoyote kati ya hizo unawapa wasomaji wako alama ya serikali ambayo wengi wao wamekuwa na mgogoro nayo kwa vizazi. Isitoshe, Kikurdi cha Kurmanji huandikwa zaidi kwa herufi za Kilatini na cha Sorani kwa herufi za Kiarabu. Bendera haiwezi kukueleza hilo.

Kiarabu: wengi hukimbilia bendera ya Saudi Arabia. Bendera hiyo imeandikwa shahada. Hayo si maandishi ya kugeuzwa kitufe.

Nikigawa bendera mbili nusu kwa nusu, ya Uingereza na ya Marekani?

Utapata kipicha kisichosomeka, na nchi nyingine zote zinazotumia Kiingereza bado ziko nje. Achana nacho.

Emoji za bendera zina nafuu? Hazihitaji hata faili la picha.

Zina matatizo yale yale pamoja na mengine ya kwake.

Emoji ya bendera ya nchi si alama moja. Mwaka 2010 mfumo wa Unicode, unaopanga herufi na emoji za kompyuta na simu zote, uliingiza herufi maalumu 26, A hadi Z, na bendera hupatikana kwa kuunganisha mbili: T na Z zikikutana, simu inachora bendera ya Tanzania. Kuchora huko ni hiari ya kifaa. Windows yenyewe haichori bendera za nchi. Kwenye vivinjari vingi mtumiaji anaona herufi mbili tu. Kwa hiyo menyu uliyoiona nzuri kwenye simu yako, mwenye Windows anaiona "TZ GB FR", na sasa anadhani anachagua nchi.

Orodha yenyewe inafuata misimbo ya nchi na maeneo. Bendera za England, Scotland na Wales ziliongezwa mwaka 2017 kwa utaratibu mwingine, lakini mwaka 2022 Unicode ilitangaza kuwa haipokei tena mapendekezo ya emoji mpya za bendera. Lugha zisizo na dola zimefungiwa mlango huo.

Halafu fikiria asiyeona, anayetumia kisoma-skrini. Akifika kwenye emoji ya bendera, sauti inamtajia bendera na jina la nchi. Haimtajii lugha. Ikiwa menyu yako nzima ni bendera tupu, umemsomea orodha ya mataifa. Na bendera za picha zisizo na maelezo mbadala ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda akasomewa jina la faili.

Hata anayeona vizuri anaweza kuzichanganya?

Sana. Bendera za Chadi na Romania karibu ni moja: bluu, njano, nyekundu. Indonesia na Monako zote ni nyekundu juu na nyeupe chini. Poland ni hiyo hiyo ikigeuzwa. Ya Ayalandi ikipinduliwa kushoto kulia ni ya Côte d'Ivoire. Sasa zipunguze zifike ukubwa wa ukucha, kwenye skrini iliyopigwa na jua, na msomaji awe na shida ya kutofautisha nyekundu na kijani.

Programu yangu inachagua bendera yenyewe kwa kufuata msimbo wa lugha. Kuna tatizo?

Kubwa. Misimbo ya lugha (ISO 639) na misimbo ya nchi (ISO 3166) ni orodha mbili tofauti zinazofanana kwa sura. Mtu akiandika programu inayochukua msimbo wa lugha na kufungua faili la bendera lenye jina hilo hilo, haya ndiyo atakayoyapata:

sv ni Kiswidi, lakini SV ni El Salvador. ar ni Kiarabu, lakini AR ni Argentina. ca ni Kikatalani, lakini CA ni Kanada. et ni Kiestonia, lakini ET ni Ethiopia. be ni Kibelarusi, lakini BE ni Ubelgiji. sl ni Kislovenia, lakini SL ni Sierra Leone. Na sw, cha kwetu, hakina nchi yenye msimbo huo, kwa hiyo mahali pa Kiswahili panatokea alama ya picha iliyovunjika.

Kosa hili linaendelea kuishi kwa sababu fr, de, it na es hutoa jibu linaloonekana sahihi. Mtengenezaji anajaribu hizo nne, anaridhika, anapeleka kazi hewani. Lugha zisizojaribiwa ni zile ambazo hakuna aliyekuwepo mezani kuzisemea.

Basi niweke nini badala yake?

Jina la lugha, kwa lugha yenyewe, kwa mwandiko wake wenyewe: Kiswahili, English, Français, Deutsch, العربية, 日本語, Русский. Usiandike "Kijapani" kwa ajili ya Mjapani. Ndiye asiyejua Kiswahili na ndiye unayemsaidia. Ukitaka kumfaa pia anayesimamia tovuti, weka jina la pili pembeni kwa herufi ndogo, ila la kwanza liwe la mwenye lugha.

Kwenye msimbo wa ukurasa kiungo kinakuwa hivi:

`<a href="/sw/" lang="sw" hreflang="sw">Kiswahili</a>`

Ile lang="sw" isikupite. Ndiyo inayokiambia kisoma-skrini kibadilishe sauti na kutamka neno kwa Kiswahili, ikiwa kifaa kina sauti hiyo. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka lugha ya ukurasa mzima itajwe (kifungu 3.1.1) na pia lugha ya vipande vilivyo tofauti (3.1.2). Kwa Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kiebrania, lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ongeza dir="rtl", la sivyo alama za uakifishaji zitahamia upande usio wake.

Kama kiungo kinaelekea kwenye makala fulani, kimpeleke msomaji kwenye makala ile ile kwa lugha aliyochagua. Kumrudisha ukurasa wa mwanzo aanze kutafuta upya ni kumwadhibu kwa kuchagua.

Lugha zikiwa nyingi zipangweje?

Zikiwa mbili au tatu, ziweke wazi juu ya ukurasa bila menyu ya kukunjua. Tovuti ya Umoja wa Mataifa inaonyesha lugha zake sita hivyo, kila moja kwa jina lake. Tovuti za Umoja wa Ulaya zina lugha 24 na hufungua orodha ya majina, bila bendera, japo kila mwanachama ana yake na angependa ionekane. Wikipedia ina matoleo ya lugha zaidi ya 300. Inatumia majina na kisanduku cha kutafutia. Kama bendera zingefaa, hapo ndipo zingeonekana.

Mpangilio wa alfabeti unatosha ukiwa na mwandiko mmoja. Miandiko ikichanganyika, tenga makundi kwa mwandiko. Usitangulize lugha "kubwa" na kuzirundika nyingine chini ya neno "Nyinginezo". Hakuna lugha inayoitwa nyinginezo.

Asiyejua lugha ya ukurasa ataitambuaje menyu yenyewe?

Hapa alama ina kazi. Ile ya herufi mbili za miandiko tofauti, 文 na A, imezoeleka sana. Tufe la dunia nalo limezoeleka, ingawa wengine hulielewa kama "eneo" au "intaneti", kwa hiyo naona ya kwanza ni bora. Iweke juu, upande ambao wasomaji wameshazoea kuangalia, na pembeni yake andika lugha inayotumika sasa. Usiifiche chini kabisa ya ukurasa wala ndani ya mipangilio ngazi tatu. Mtu aliyebadilisha lugha kwa bahati mbaya hawezi kusoma neno "Mipangilio" kwa lugha asiyoijua.

Kwa nini tovuti isitambue lugha yenyewe?

Inaweza kusaidia, ikitazama mahali panapofaa. Kila kivinjari hutuma orodha ya lugha ambazo mtumiaji anazipenda, kwa mfano `sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.8`: Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza. Hiyo ni kauli ya mtu mwenyewe, au angalau ya simu yake, ipe uzito.

Kutazama anwani ya IP ni kurudia kosa la bendera kwa njia nyingine: unajua mtu yuko wapi, unajifanya unajua anasoma nini. Msafiri, mkimbizi, mwanafunzi wa ng'ambo, wote wanaangukia hapo. Injini za utafutaji nazo hutembelea kurasa kutoka nchi chache, na ukizielekeza kwa nguvu kwenye toleo la nchi zilipo huenda zisione matoleo yako mengine kabisa.

Vyovyote utakavyokisia, menyu ibaki palepale, na chaguo la mtu likumbukwe akirudi kesho.

hreflang inaandikwaje kwa Kiswahili?

hreflang ni alama inayoziambia injini za utafutaji ukurasa ni wa lugha gani. Andika "sw" kwa toleo la wote. "sw-KE" na "sw-TZ" ikiwa kweli una matoleo mawili yenye tofauti. Usiandike "ke" peke yake. Lugha hutangulia, nchi hufuata. Na kwa Kiingereza cha Uingereza ni "en-GB", wala si "en-UK". Ukurasa wa kuchagulia lugha upewe "x-default", yaani ukurasa wa yeyote ambaye lugha yake haimo.

Kuna mahali bendera inafaa?

Ipo, pale ambapo nchi ndiyo inayochaguliwa: mizigo inakopelekwa, sarafu, msimbo wa simu, sheria zinazotumika, timu za michezo. Hapo iweke pamoja na jina la nchi. Ila tenganisha maswali mawili. Mtu anaweza kuishi Kanada, akalipa kwa dola za Kanada, na akataka kusoma Kiswahili. Menyu inayofunga nchi na lugha kwa fundo moja haina nafasi yake.

Na lugha yenye matoleo ya nchi, iandike kwa maneno: "Português (Brasil)", "Português (Portugal)". Kiserbia, chenye miandiko miwili, kinahitaji "Српски" na "Srpski". Bendera ni ile ile kwa yote mawili.

Na wasiojua kusoma? Bendera si inawasaidia?

Swali zuri, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Lakini mtu asiyesoma akibofya bendera anakutana na maandishi vilevile. Kinachomfaa ni sauti: kitufe kinachotamka "Kiswahili", na yaliyomo yanayosomwa kwa sauti. Kama bajeti inaruhusu picha tu, msaada huo bado haujaanza.

Mteja anang'ang'ania bendera. Nifanyeje?

Mwonyeshe menyu yake mwenyewe kwenye kompyuta ya Windows, kisha mfungulie kisoma-skrini asikilize. Muulize atampa nani bendera ya Kiarabu, na msubiri ajibu. Mara nyingi inatosha.

Akikataa, omba bendera ziambatane na majina, zisisimame peke yake. Zifanye za mapambo, kwa alt="" tupu (maelezo mbadala yakiachwa wazi), ili asiyeona asikie jina la lugha tu. Ziache kando ya jina, zisilitangulie. Na kwa lugha yoyote ambayo bendera yake ina ubishi, jina libaki peke yake. Menyu yenye pengo mahali pawili inavumilika, na siku mteja akichoka kuliona pengo hilo, faili za bendera zinafutika kwa amri moja bila kugusa kiungo chochote.